Aibu ya Nyumba

Dalali wa kwanza alikuja kabla hata mikeka ya matanga haijakunjwa. Mama yetu alikuwa ameshazikwa, wageni wa Malindi hawajarudi kwao, na yeye akaingia, akatoa mkono wa tanzia, akaketi, akaanza kuangalia juu. Watu wengine wakiingia nyumba ya msiba huangalia chini. Yule aliziangalia boriti za dari moja moja, kama mtu achaguaye papai Marikiti, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, mkiwa tayari, msinisahau."

Hatukuwa tayari, lakini tulijua siku hiyo itafika. Tulikuwa tumebaki wawili. Mimi nafundisha shule ya upili, naishi Tudor na mke wangu na watoto katika nyumba ya kupanga. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, aliolewa akiwa msichana mdogo, akaachika baada ya muda mfupi, akarudi kwa mama na hakuondoka tena. Yeye ndiye aliyempikia mama, akamwogesha, akamgeuza kitandani katika miaka yake ya mwisho. Sasa magoti yake mwenyewe yalikuwa yamechoka, na nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale, ni ya kupanda na kushuka. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba, zimesimama wima, na kila kidato kimelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Dada alikuwa akizishuka kwa makalio, akidhani simuoni.

Baada ya hitima ya arubaini nikamwambia aje akae kwetu, na nyumba tuiuze. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumshawishi. Akaniangalia kidogo, akasema, "Vyema." Yale maneno yangu yote yakanibaki mdomoni.

Dalali akarudi. Safari hii alitembea nyumba nzima, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akatupa mashauri yake bure. Ule ufa wa ukumbini tuuzibe kwa simiti. Ukuta wa nyuma, ulioota kama chumvi nyeupe kwa unyevu, tuupige chokaa nzito mara mbili. Na kile chumba cha juu, cha nyuma, chenye kufuli, tuseme ufunguo umepotea.

"Mnunuzi akishalipa," alisema, "nyumba ni yake na aibu zake."

Dada alikuwa anachambua mchele kwenye uteo. Hakuinua uso. "Shukran, baba. Tutaiuza wenyewe."

Alipoondoka nilimlaumu. Sisi twajua nini kuhusu kuuza nyumba? Mimi nauza nini maishani mwangu zaidi ya madaftari ya zamani kwa muuza njugu? Dada akaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele.

"Yule atasema uongo kwa ulimi wetu," alisema. "Yeye atachukua chake aende zake. Watakaoulizwa ni sisi."

Nilidhani asema habari za akhera.

Lazima nieleze kile chumba. Kilikuwa juu, upande wa nyuma, juu ya jiko la zamani. Tangu nipate akili zangu kilikuwa kimefungwa, na mama alikiita stoo. Watoto wengine wa mtaani walikuwa na vyumba kama hivyo majumbani mwao, vyenye majini, vyenye bibi asiyetoka, na mimi sikuona ajabu kuwa na changu. Mara moja moja dada aliingia kufagia, akatoka akafunga. Ufunguo alikuwa nao yeye, umefungwa kwenye pembe ya leso yake pamoja na vijisenti vya sokoni. Sisi watatu tulilala vyumba vya mbele, vinavyoangalia kichochoro, hata siku za joto la Februari ambapo upepo wote huwa nyuma.

Na lazima nieleze kuhusu baba. Baba alifariki nikiwa sijaanza hata chuo cha Kurani. Niliambiwa aliugua ghafla. Nilipelekwa Malindi kwa shangazi, nikakaa huko mpaka mama akamaliza eda, na niliporudi nikakuta mama anauza mahamri mlangoni na dada ameacha shule. Nilikua na neno hilo moja, *ghafla*. Kila nilipojaza fomu za shule nikaulizwa baba yuko wapi, niliandika marehemu, na mtu akiniuliza alikuwa na nini, nilisema alikuwa mgonjwa. Sikuwahi kujiuliza ugonjwa gani. Mtoto akipewa jibu mapema hulizoea kama nguo.

Habari ikaenea yenyewe kuwa nyumba inauzwa na haina dalali. Walikuja wengi. Walikuja wa kutazama tu, walikuja wenye mizani ya macho, alikuja jamaa mmoja aliyepiga picha mlango wetu wa mbao akaondoka bila kuuliza lolote. Kisha wakaja mume na mke mmoja ambao mpaka leo nikiwakumbuka moyo hulainika.

Mume alikuwa mtu wa bara, Mkamba, anaendesha winchi bandarini, mkimya, mwenye mabega mapana. Mke alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, fundi cherehani, anayeshonea maduka ya Biashara Street madera na mitandio. Walikuwa wamepanga Majengo vyumba viwili, na wana mabinti wawili wadogo. Yule mama aliitembelea nyumba kwa viganja. Kila ukuta aliuwekea mkono. Alisimama chumba cha mbele, cha chini, akasema cherehani zake tatu zitakaa pale karibu na mwangaza, na kazi ikiisha atavuka tu mpaka dukani kwa miguu. Alicheka peke yake. Nilifurahi kama kwamba nyumba ni mimi, na ndimi niliyesifiwa.

Tulipofika juu akauliza, "Na hapa?"

Nilitaka kusema stoo. Dada akafungua pembe ya leso, akatoa ufunguo, akafungua. Sikumbuki mara ya mwisho nilipouona mlango ule wazi. Chumba kilikuwa kitupu kabisa. Hakukuwa na stoo yoyote. Sakafu imefagiliwa, dirisha dogo limefunguka nusu, na upepo ukaingia ukatupiga usoni kama maji ya mtungi.

"Hiki watalala watoto," yule mama alimwambia mumewe.

Nikamuona dada ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Tushukeni," alisema. "Chai itapoa."

Chini tulikunywa chai, tukazungumza bei, tukakubaliana kwa urahisi ambao sijauona tena katika jambo lolote la fedha. Walipoondoka nilikuwa mtu mwenye raha. Dada akasema kabla ya kupokea hata senti moja twende kwa wakili, na nikaona ni sawa, kwani watu wasio na dalali wahitaji angalau mtu mmoja ajuaye sheria.

Wakili alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa bara aliyeishi Mombasa muda mrefu hata salamu zake zikawa ndefu kama zetu. Alituuliza habari za nyumbani, za afya, za msiba, ndipo akavaa miwani. Akasoma hati za mirathi, akaridhika kuwa warithi ni sisi wawili na sote twataka kuuza. Kisha akatueleza mambo ambayo nilidhani ni ya mnunuzi kuyahangaikia.

"Sheria yetu yamwambia mnunuzi afungue macho," alisema. "Ufa ulio ukutani, ni juu yake kuuona. Lakini sheria haimruhusu muuzaji amfumbe macho yake. Kama kuna kasoro iliyojificha, nanyi mwaijua, mkaipaka chokaa asiione, au akawauliza mkamdanganya, huo ni ulaghai. Anaweza kuvunja mauzo hata baada ya kuhamia, na akawadai hasara. Msiseme hatukuwa na dalali, hatukujua. Bila dalali ndiyo zaidi, kwa sababu kila neno alilosikia amelisikia kwenu."

Nikaitikia kama mwanafunzi hodari. Nikamtajia nilivyovijua. Nyumba ni yetu lakini ardhi ni ya wenyewe, na kila mwezi twalipa kodi ya ardhi, kama walivyofanya watu wengi wa kisiwani tangu zamani. Kisima cha uani twashirikiana na jirani, naye ana haki ya kupita kuchota. Nyumba imo katika eneo la hifadhi, kwa hivyo mtu hawezi kuvunja roshani wala kubadili mlango bila idhini. Wakili akaandika yote.

"Na jingine? Lolote mnalolijua na mnunuzi hawezi kuliona kwa macho yake?"

"Hakuna," nilisema.

"Liko," alisema dada.

Alikuwa ameketi na mkoba wake juu ya mapaja. Alisema bila kuniangalia, akimwelekea wakili, kama mtu atoaye ushahidi.

"Chumba cha nyuma, cha juu. Dari yake iliwahi kuanguka. Boriti zilikuwa zimeoza ndani ya ukuta, mle zinamoingia, ambamo mtu haoni. Nje zilikuwa nzima, nyeusi, nzuri. Ilikuwa masika, maji yameingia juu, sakafu ya juu ikawa nzito. Ikaja chini yote, mawe na chokaa."

"Ikatengenezwa?" wakili aliuliza.

"Ilitengenezwa. Zilitiwa boriti mpya, lakini ukuta ni uleule. Mama hakuwa na uwezo wa kuujenga ukuta. Na ukuta ule wanywa maji. Naziangalia boriti hizo miaka yote. Sasa zimeanza kumwaga unga."

Wakili akaandika. Kisha, kwa kuwa ni kazi yake kuuliza, akauliza, "Ilipoanguka, kuna mtu aliyeumia?"

Nje kulikuwa na mtu anauza kahawa, akigonganisha vikombe. Nikageuka kumtazama dada, na hapo ndipo nilipoanza kujua, kabla hajafungua mdomo.

"Baba yetu," alisema. "Alikufa humo."

Wakili akaweka kalamu chini. Alinitazama mimi, si yeye, akaelewa. Akainuka akasema atatuletea maji, akatoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake. Sijui kama kuna somo la namna hiyo katika masomo ya sheria.

"Alikuwa anafanya nini humo?" niliuliza.

"Anatoa godoro."

"Godoro gani?"

"Lako," dada alisema. "Kilikuwa chumba chako. Ulikuwa walala humo kwa ajili ya upepo. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, mvua imeshika, na dari ikaanza kuvuja. Alikuchukua umelala, akakushusha, akakulaza kwa mama. Akarudi kuchukua godoro lisirowe."

Watu husema wakipata habari kama hizo dunia huzunguka. Kwangu haikuzunguka. Nilikuwa naona kila kitu, hata vumbi kwenye feni ya wakili. Na nilikumbuka jambo ambalo nalikumbuka tangu utotoni na sikujua ni la lini: nimebebwa, kichwa changu kwenye bega, nashushwa ngazi, na kila kidato kidevu changu chagonga mfupa wa mtu. Siku zote nilidhani ni mama.

Tulirudi nyumbani kwa tuktuk. Nilimfikisha mlangoni nikaenda zangu Tudor, na kwa siku kadhaa sikumpigia simu wala sikwenda. Mke wangu alinisihi. Nilimwambia sina hasira, na nilikuwa nayo, nyingi, ila sikujua niipeleke wapi. Mama yuko kaburini. Majirani wote wa mtaa ule, wazee niliowaamkia shikamoo maisha yangu yote, waliyafukua yale mawe kwa mikono yao na hakuna aliyenifungulia mdomo. Kwetu msiba wa nyumba hausemwi mbele ya yatima wake; husitiriwa. Nilifunzwa kuwa sitara ni jambo jema, nami nawafunza wanangu hivyo. Siku zile niliiona kama tambara lililotiwa mdomoni mwangu nikiwa usingizini.

Nilipokwenda hatimaye, dada alikuwa uani anaanika nguo. Alinitandikia mkeka bila kuniuliza nilikuwa wapi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama alisema usikue ukiiogopa nyumba yako. Hatukuwa na nyingine ya kukupeleka."

"Nikakua. Nikaoa. Nikawa na ndevu nyeupe."

"Ulipokua mama akasema ngoja kwanza amalize mitihani. Kisha ngoja aoe. Kisha akawa mgonjwa." Akabana shuka kwenye kamba. "Na neno likikaa sana, ndugu yangu, hujui uanzie wapi kulisema."

Nikamuuliza yeye alikuwa wapi asubuhi ile. Alisema alikuwa ngazini, katikati, amepokea mto wangu kutoka mkononi kwa baba. Baba alimwambia shuka na huu, mimi naleta godoro. Alikuwa amefika chini aliposikia. Hakusema alisikia nini. Alisema tu kwamba vumbi lilishuka ngazi polepole, likatembea kama mtu, likamfikia miguuni.

Baadaye akasema kitu ambacho kiliniuma kuliko vyote. Alipoachika walikuja wachumba wengine, wawili watatu, watu wa heshima. Mimi nilijua hilo, nilidhani yeye ndiye mchaguzi.

"Ningeolewa," alisema, "ufunguo ningemwachia nani? Mama alikuwa asahau. Na wewe ulikuwa wapenda upepo."

Alilisema kwa kucheka. Nikaondoka mkekani nikaenda kusimama kisimani, nikijifanya nataka kunawa.

Tulirudi kwa wakili. Nilimuuliza swali ambalo sasa naona lilikuwa la mtu mwenye woga: je, ni lazima kumtaja baba? Alijibu kwa upole kuwa kasoro ni ukuta na boriti, na hizo lazima ziandikwe katika mapatano waziwazi. Kifo cha mtu si kasoro ya nyumba. Mkiulizwa, msidanganye, msipoulizwa, hiari ni yenu.

"Basi tutaje ukuta tu," nilisema.

Dada akatikisa kichwa. "Nikitaja dari bila kumtaja yeye, nitakuwa nimemficha mara ya pili."

Wale mume na mke walikuja Jumamosi, wamefurahi, yule mama na mkanda wake wa kupimia shingoni. Dada akawapandisha moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, kidato baada ya kidato, magoti yakimlilia. Aliwaonyesha mahali boriti zinapoingia ukutani. Akachukua kisu cha jikoni, akakidunga kwenye boriti moja karibu na ukuta, nacho kikaingia kama kwenye mkate. Unga wa mti ukamwagika sakafuni. Kisha akawaeleza, kwa maneno yaleyale aliyomwambia wakili, na mwisho wake uleule.

Mume alivua kofia. Aliuliza maswali ya mtu wa kazi: ukuta una unene gani, maji yatoka wapi, je, kuna namna ya kuutegemeza kutoka chini. Tulimjibu tulivyojua. Mke hakuuliza hayo. Alikuwa amesimama mahali alipokuwa ameona kitanda cha wanawe.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" alimuuliza dada.

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akiuliza swali hilo nyumbani kwetu. Dada akafikiri.

"Alikuwa akiimba vibaya," alisema. "Akipiga pasi aliimba. Mama alimwambia majirani watahama." Akaendelea kidogo. Alisema alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kidogo cha kuchapa, vidole vyake havikutoka wino, na hata walipomwosha mara ya mwisho wino ulibaki kwenye kucha. Alisema alikuwa na tabia ya kuonja chumvi ya mchuzi kwa mkono wa mama, si kwa kijiko. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mtu mzima, nikimsikia baba yangu kwa sababu ya swali la mnunuzi.

Juma lililofuata mume alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeagizwa jambo zito.

"Mwalimu, tumezungumza sana. Hatutaweza. Si kwa sababu ya fedha, ungetupunguzia, najua. Ni kwa sababu ya watoto. Mama yao hatalala."

Nilimwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kweli. Hata hivyo nilipokata simu nilimlaumu dada kimoyomoyo, na bila shaka alinisikia, maana jioni alisema, "Wangenunua ningekuwa nasikiliza mvua mpaka nife."

Siku chache baadaye yule mama akabisha hodi peke yake. Alikuwa amevaa nguo nadhifu, na mkononi ana mfuko wenye sukari na majani ya chai. Nilidhani wamebadili nia. Alikaribishwa, akaketi ukumbini, akatuwekea ule mfuko mbele.

"Sikuja kwa ajili ya nyumba," alisema. "Siku ile mlituambia habari ya msiba, nasi tukaondoka tukizungumza boriti. Kwetu mtu haambiwi msiba akanyamaza. Nimekuja kuwapa pole ya baba yenu."

Dada akapokea mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili. Kisha yule mama akanigeukia, akanipa mkono mimi. "Pole, baba. Mungu amrehemu."

Nimepewa pole nyingi maishani. Juzi tu nilipewa za mama, mpaka kiganja kikafa ganzi. Lakini kwa ajili ya baba hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono. Wakati wake nilikuwa Malindi, nikicheza mchanga. Nilijaribu kuitikia kama inavyopasa, *tumeshapoa*, na neno halikutoka. Nililia mbele ya mgeni, na yule mgeni hakusema usilie. Alikaa tu, akanywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akaaga. Nasikia siku hizi wamepata nyumba ndogo Mikindani, yenye uwanja. Sijamuona tena.

Nyumba iliuzwa kabla ya mvua kuanza. Aliyeinunua ni mtu mwenye nyumba nyingine za wageni mjini, mtu mwenye haraka, simu mkononi. Tulimwambia yote. Nilisema mimi safari hii, kwani dada alichoka kupanda. Nilimwonyesha ukuta, nikadunga kisu, nikamtajia baba. Akaitikia, "Innalillahi," akauliza kama idhini ya kuijenga upya sehemu ya nyuma hupatikana upesi. Bei ikashuka sana, na hatukubishana naye. Alikuwa na haki. Nilivyokuwa nashuka ngazi niligundua kuwa nimeyasema yote bila sauti kutikisika, kama ninayesomesha darasa la mwisho la siku. Hilo lilinihuzunisha. Jambo lililofichwa miaka yote ile lilikuwa tayari limekuwa maneno.

Katika mapatano mna aya inayotaja ukuta wa nyuma na dari ya chumba cha juu, na kwamba mnunuzi ameonyeshwa na ameridhia. Dada aliomba wakili amsomee aya hiyo mara mbili. Baba hamo, bila shaka. Haikuwa mahali pake. Dada akatia saini kwa mwandiko wake wa msichana aliyeachishwa shule mapema, nami nikatia yangu chini yake.

Siku ya kutoa ufunguo tulikwenda pamoja. Ule wa mlango mkubwa niliutoa mimi. Ule wa chumba cha nyuma dada alitaka kuufungua kutoka kwenye leso, na fundo lilikuwa limekaza, likamshinda. Mnunuzi akasema aache tu, mlango ule wataung'oa. Dada akasema hapana, akaendelea kulifungua kwa meno, na sote tukamngoja.

Sasa anaishi nasi Tudor, chumba cha chini, hakuna ngazi. Wanangu wampenda. Mwanzoni mvua ikinyesha alikuwa haketi, akizunguka nyumba akitazama juu, na mke wangu alidhani anatafuta kitu. Siku hizi huketi, lakini hanyamazi. Mvua ikianza ndipo anaponisimulia habari za baba, bila mpango. Mengine ayarudia. Mengine nikimuuliza husema hajui, na naona kuwa ajua, nami simlazimishi.

Mwezi uliopita nilipita mtaa wetu nikitoka sala ya Ijumaa. Wameshabomoa upande wa nyuma. Mkokoteni ulikuwa umesimama kwenye kichochoro, umejaa mawe ya zamani na vipande vya boriti, na vijana wawili wanautafutia njia ya kuupitisha bila kukwaruza kuta za watu. Nilijibana ukutani wapite. Mmoja akaniambia, "Samahani, mzee," nami nikamwambia si kitu. Walipokata kona nilibaki hapohapo, nimejibana, ingawa njia ilikuwa tupu. Kisha nikaenda nyumbani, na sikumwambia dada.